Jina la Aliyekwenda Ng'ambo

Wasikilizaji wangu mlioko Dirma na Katesh, Dongobesh na Haydom, hata Mbulu mjini, saa hii ng'ombe wamekwisha kuingia zizini na moto umewashwa. Mwezi huu wa Julai, ifikapo tarehe 25, taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao, sime, upinde na mshale huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, na wakubwa wa dola husimama kimya mbele ya umati. Ni ada njema, na Mungu aidumishe. Lakini mnara uko mbali na Dirma, na aghalabu anayeuangalia huona jiwe asione mtu. Kwa hiyo jioni hii sitasema habari za majemadari wala za mapambano makubwa, bali habari za askari wa safu, mwana wa nyumba fulani katika nchi hii ya mlima Hanang, aliyevuka bahari au mipaka kwa amri ya dola, na habari za siku zake za kawaida huko alikokuwa, na za ahali yake aliowaacha nyuma.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 kabla vita haijamalizika, na wilaya ya Mbulu ya wakati ule, ambayo Hanang yote ilikuwamo ndani yake, haikuachwa nje ya hesabu hiyo. Wako waliokwenda kwa hiari, wakivutwa na mshahara, na sare, na hamu ya kijana ya kuona dunia. Na wako waliotajwa majina na watawala wao kwa sababu serikali ilidai idadi, nao wakaenda kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Sioni haki ya kuwapambanua katika heshima. Aliyependa na aliyelazimishwa walivaa kaptura moja, walikula posho moja, na risasi haikuwauliza walifikaje pale.

Mfikirieni basi kijana ambaye maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona maishani ni ya Ziwa Basotu, au ule weupe wa magadi wa Balangida wakati wa kiangazi, anashushwa katika gari la moshi bandarini Kilindini na kuambiwa apande merikebu ya chuma iliyo kubwa kuliko mji wake. Alilala chini ya sitaha, mahali pa joto na harufu ya mafuta, pamoja na Mnyamwezi, na Mhehe, na Mkamba, na Mnyasa, ambao hakuwa na neno la kuwaambia ila kwa Kiswahili alichojifunza kambini kwa miezi michache. Na hofu yake kubwa haikuwa adui bali kule kutoiona nchi kavu upande wowote. Nayo hofu ile haikuwa ya kitoto. Mwezi Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12, ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili, na watu 1,297 wakapotea. Wengi wa walioangamia walikuwa chini, ndani ya meli ile, hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Wengine safari yao ilikuwa ya karibu zaidi. Mwaka 1942 brigedi ya Afrika Mashariki ilishushwa Majunga katika kisiwa cha Madagaska, kilichokuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, na ikaelekea Antananarivo na kupita kusini yake. Katika vita ile ya Madagaska adui alikuwa ameikata miti mikubwa akailaza barabarani, akarundika mawe na kuvunja madaraja, kizuizi baada ya kizuizi. Na askari wetu, ambao waliondoka kwao wakidhani kwamba wanakwenda kupiga bunduki, wakajikuta kutwa nzima wanavuta magogo na kubeba mawe, jasho likiwatiririka, kama watu waliokuwa katika msaragambo wa kijiji. Jenerali David Musuguri, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi wa Tanzania na akafariki mwaka 2024, alikuwa mmoja wa vijana walioanza uaskari wao katika jeshi hilo la Keya, yaani King's African Rifles, na kufika Madagaska. Nalitaja jambo la magogo kwa makusudi, maana tunaposema "alikwenda vitani" hatuyaoni magogo. Na kumbe sehemu kubwa ya utumishi wa askari ndiyo hiyo, kazi nzito isiyo na hadithi ya kusimulia.

Ama Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, ndiko kulikokuwa na dhiki ya dhiki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walivaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilitumwa mwaka 1944 kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kwa njia ya bonde la Kabaw, na ilifanya hivyo wakati ambao majeshi mengine yalidhani haiwezekani kufanya vita, yaani ndani ya mvua kuu za nchi ile. Mtu wa nyanda za juu, aliyezoea baridi ya asubuhi na upepo mkavu, aliishi kwa miezi katika bonde la joto na matope yaliyofika magotini, nguo haikauki, kiatu kinaoza mguuni, ruba wanapenya katika vitundu vya viatu na kunyonya bila kusikika. Malaria na homa ya vijidudu vya nyikani viliwalaza wengi kuliko risasi. Kila siku mnyapara alisimama mbele ya mstari akahakikisha kwamba kila mmoja amekimeza kidonge chake cha manjano, na waliovimeza kwa muda mrefu ngozi yao ikageuka rangi. Barabara ilipomezwa na tope, chakula kilitoka mbinguni: ndege za Dakota zilipita chini juu ya miti na kudondosha magunia kwa miavuli, na walioyakimbilia walikuwa wakiomba Mungu liwe gunia la unga, kwa kuwa biskuti ngumu za jeshi hazikuwa chakula kwa mtu aliyelelewa kwa ugali na maziwa. Wachukuzi waliotoka nchi hizi hizi zetu walipandisha masanduku ya risasi milimani kwa vichwa na mabega, na waliposhuka walishuka na majeruhi katika machela.

Walifika mjini Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944, na hapo wahandisi wa jeshi wakatandika daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo wakati ule halikuwa na mfano wake duniani kwa aina yake. Jeshi kubwa lilipita juu ya daraja hilo kwenda kuikomboa nchi. Askari wa kifaru, waliolifungua bonde, wakarudishwa nyuma kupumzika. Katika vitabu vingi vya vita ile sifa ya daraja imeandikwa, na sifa ya bonde imepewa mistari michache.

Na nyumbani je? Hapa ndipo habari inaponigusa zaidi, kwa maana mke au mama wa askari hakupewa sare wala cheo, ilhali vita vilimfika. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa ahali yake, na fedha hizo zilipitia bomani. Basi mwanamke aliamka usiku, akajifunika, akashika njia kwa miguu kwenda Mbulu na mtoto mgongoni, akasimama mstarini pale chini ya ukuta wa boma lililojengwa na Wajerumani, akisubiri jina la mumewe lisomwe na karani. Lisiposomwa alirudi bila kitu, na bila kujua kwamba ni karatasi iliyokosewa au ni mtu aliyekufa. Barua nayo iliandikwa kule ng'ambo kwa mkono wa mwenzake aliyejua kuandika, kwa Kiswahili, ikapita kwa mkaguzi wa jeshi aliyefuta jina la mahali, ikavuka bahari, ikafika kwa mtu asiyejua kusoma wala kukisema vema Kiswahili, ambaye ilimbidi amtafute katekista au karani amsomee kwa Kiiraqw au Kibarabaig yale maneno ya mumewe. Na maneno yenyewe, yakiwa yamepita katika vinywa vinne, aghalabu yalikuwa haya tu: mimi mzima, je, ng'ombe wazima, je, mvua imenyesha, nisalimie wazee. Nasema kwamba katika waraka wa namna hiyo ndimo alimokuwa mtu mwenyewe. Hakuandika habari za Wajapani, aliuliza habari za mvua.

Fauka ya hayo jeshi liliwafundisha wengi kusoma na kuandika, na walikuwako waliorudi mwaka 1946 na baadaye, baada ya kukawizwa na uchache wa meli, wakiwa wanaweza kujiandikia barua zao wenyewe na kusoma gazeti, na wakiwa wamekwisha kuona kwamba Mzungu naye huugua, na huogopa, na hufa. Mambo hayo mawili yalikuwa na matunda yake katika miaka iliyofuata ya kudai uhuru, nami sitayafuata leo.

Niliwahi kuishika mkononi nyota moja ya Burma katika nyumba moja ya upande huu wa mlima. Ilikuwa imefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku la bati pamoja na stakabadhi za kodi. Nyota ya shaba yenye pembe sita, ina taji na herufi za mfalme katikati, na utepe wake wa buluu na nyekundu na machungwa umefifia ukawa karibu rangi moja. Niliigeuza nyuma. Nyuma hakuna kitu. Serikali ya Uingereza haikuzichora nyota zake majina ya waliozivaa, na kwa hiyo nishani hii iliyotolewa kwa mtu mmoja kwa sababu ya mambo yaliyompata yeye, mwili wake na miezi yake, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Mjukuu aliyenionyesha alijua kwamba ni ya babu. Hakujua ni kikosi gani, wala ni mwaka gani babu alikwenda, wala alirudi kwa njia gani. Wasikilizaji wangu, kijana yule hana lawama. Hakuna aliyemwambia.

Na kuhusu majina, iko aibu kubwa kuliko hiyo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni pamoja na wachukuzi waliobeba vita ile vichwani mwao katika ardhi hii ya kwetu. Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya shaba ya askari aliyeinua bunduki yenye singe, nzuri ajabu, na kila apitaye mjini huijua. Lakini sanamu haina baba wala mama, na hakuna mjane aliyeweza kuiendea akasema, huyu ndiye. Kwa jirani zetu Wabarabaig mzee mwenye kustahiki hujengewa bung'eda, tuta refu la udongo na miti lisimamalo juu ya kaburi lake baada ya kazi ya miezi mingi, koo zikikusanyika, ng'ombe wakichinjwa na pombe ya asali ikinyweka, mpaka heshima yake iwe imekamilika mbele ya walio hai. Sasa aliyefia Kabaw, au aliyezama na Khedive Ismail, atajengewa tuta juu ya nini?

Ndugu zangu, mtasema hayo ni ya zamani na ya wakoloni. La, hayajakoma, yamebadilika bendera tu. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, limekuwa likituma vijana wetu nje ya mipaka: Anjouan katika Komoro mwezi Machi 2008, Lebanon, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Kongo mashariki, ambako mwaka 2013 kiliundwa kikosi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilichowatimua waasi wa M23. Hawa hawaendi kuiteka nchi ya mtu, huenda ili mkulima asiye ndugu yao aweze kulima. Nao hufa. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio la kuviziwa. Na jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ndogo ya Semuliki wilayani Beni, iliyolinda daraja la mto katika barabara itokayo Mbau kwenda Kamango, washambuliaji waliwazingira vijana wetu wakapigana nao kwa saa nyingi gizani. Kumi na watano wakauawa na 43 wakajeruhiwa. Majeneza yalipowasili Dar es Salaam, yakapangwa chini ya bendera, nchi nzima ililia.

Ilistahili kulia. Lakini nathubutu kusema kwamba tuliwajua siku ile tu, na kwamba miezi yote waliyokaa Semuliki kabla ya jioni ile hatukuiuliza. Siku za mlinda amani ni ndefu na zinafanana: kuamka kabla ya mapambazuko kwa sababu alfajiri ndiyo saa ya hatari, kusafisha silaha, kusindikiza gari la maji, kusimama lindo saa nne chini ya jua ndani ya fulana nzito ya kuzuia risasi, kufua, kusonga ugali katika sufuria la watu thelathini, kucheza mpira wa wavu jioni kama hali ni shwari, kusali, Mkristo kwa namna yake na Mwislamu kwa namna yake, chini ya turubai moja. Kisha huja saa ya simu. Askari hutafuta mahali penye mtandao, na huku kwetu mkewe hupanda kilimani kutafuta vivyo hivyo, na wakipatana huzungumza kwa dakika chache, sauti ikikatika. Na mkisikiliza, mazungumzo yao ni ile barua ya Burma: watoto wazima, mahindi yamefikia wapi, mvua imenyesha, msalimie mama. Yeye hasemi kwamba jana usiku kulikuwa na milio. Mke naye hasemi kwamba mtoto mdogo ana homa tangu juzi. Kila mmoja anambebea mwenzake mzigo kwa kunyamaza.

Tena si kwamba hatumjui askari ni mtu gani. Tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa mlima Hanang ulipomeguka kwa mvua na tope na mawe na magogo vikashukia Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakapotea katika asubuhi moja, mliwaona kwa macho yenu askari wakiingia topeni kwa chepeo na kwa mikono, wakiwatafuta waliofukiwa, wakikokota magogo njiani. Mliwapa chai, mliwauliza kwao ni wapi. Basi aliyeko Kongo au Afrika ya Kati ni mtu yule yule, na tope lake ni lile lile, ila kule hakuna mama wa Gendabi wa kumpa kikombe na kumwuliza kwao ni wapi.

Kwa hiyo nina maombi mawili, nami nayaomba kwa unyenyekevu lakini bila kuyapunguza. La kwanza ni kwa majirani. Katika kila kata yetu iko nyumba, pengine mbili, ambayo mwenyewe yuko ghaibu katika utumishi huo, mnaijua. Msiingoje bendera. Msimu wa kulima ukifika, shamba lile liingizwe katika ujima wa kwanza na si wa mwisho. Ng'ombe wake akipotea, atafutwe. Mtoto akiugua usiku, apatikane mwenye pikipiki wa kumfikisha hospitali ya Haydom au Katesh bila mama kuanza kubembeleza bei gizani. Msiniambie kwamba ana mshahara. Mshahara hauamki usiku.

La pili ni kwa wazee, walimu na ofisi za vijiji. Wanangojea mauti sasa watu wa mwisho waliowasikia kwa masikio yao askari wa Burma na Madagaska wakisimulia. Mabinti wa askari wale leo ni bibi wenye kupungukiwa macho. Nunueni daftari gumu, moja kwa kila kijiji, lenye kukaa ofisini na kufungiwa kabatini. Andikeni jina la askari na la baba yake na ukoo wake, kikosi chake kama kinajulikana, nchi aliyotumwa, mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi, au kwamba hakurudi. Na chini yake jambo moja alilopata kulisimulia, hata likiwa dogo, hata likiwa la ruba tu au la gunia la unga. Waandikeni wa Keya, waandikeni waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, waandikeni walinda amani wa leo wangali hai, na wakirudi likizo waiteni darasani waseme wenyewe. Mwalimu wa Historia awatume wanafunzi wake kwa babu na bibi zao wiki hii hii, kabla ya tarehe 25, na majina yatakayopatikana yasomwe kwa sauti siku hiyo mbele ya ofisi ya kijiji, moja baada ya moja, pamoja na majina ya mama zao. Dirma ianze, na kijiji kitakachokuwa cha kwanza kulileta daftari lake hapa, majina yake yote nitayasoma katika redio hii, jioni kama hii, bila kuruka hata moja.